Fedha ya Potosí Ilikuwa na Mwenyewe Kabla Haijachimbwa

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: ikiwa Hispania ilivuna madini ya fedha mengi kiasi kile kutoka Amerika, mbona haikubaki tajiri? Jibu nililolisikia mara nyingi ni kwamba wafalme wake walikuwa wabadhirifu. Hilo ni kweli, ila halitoshi. Mbadhirifu hutapanya alicho nacho, ilhali wafalme wa Hispania walikuwa wakitumia madini ambayo bado yalikuwa ndani ya mwamba, ng'ambo ya bahari.

Nianzie mlimani. Mwaka 1545 Wahispania walianza kuchimba Cerro Rico, yaani Mlima Tajiri, katika nchi ambayo leo ni Bolivia. Simulizi humtaja mwenyeji mmoja, Diego Huallpa, kuwa ndiye aliyeuona mshipa wa kwanza wa madini. Chini ya mlima huo ukaota mji wa Potosí, kwenye mwinuko wa karibu mita 4,000, mahali pa baridi kali pasipostawi mazao mengi, na hata hivyo mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa na wakazi zaidi ya 100,000. Miaka ya mwanzo mawe yalikuwa na fedha tele, na wenyeji ndio walioyayeyusha kwa tanuri zao ndogo zilizopulizwa na upepo wa milimani. Mawe mazuri yalipokwisha, ililetwa njia ya kusaga mawe na kuyachanganya na zebaki, ambayo ilikuwa imeanza kutumika Meksiko katika miaka ya 1550, na zebaki yenyewe ikachimbwa Huancavelica, katika Peru, koloni ambalo wakati huo lilijumuisha Potosí pia. Kwa hiyo madini na zebaki vilikuwapo. Kilichohitajika sasa ni watu, nami nitawarudia.

Moja ya tano ya fedha iliyochimbwa ilikuwa haki ya mfalme, lakini haki hiyo ilikuwa imekwisha kuwekwa rehani. Carlos, mfalme wa Hispania, alichaguliwa kuwa mfalme mkuu wa Wajerumani mwaka 1519 kwa nguvu ya mikopo, mikubwa kuliko yote ikiwa ya Jakob Fugger, tajiri wa Augsburg, na tangu hapo jumba la kifalme halikujinasua katika madeni. Mwanawe, Felipe wa Pili, alitangaza mara nne kwamba hawezi kulipa kama alivyoahidi, katika miaka ya 1557, 1560, 1575 na 1596, na yote hayo yalitokea wakati migodi ya Amerika ikizidi kutoa. Vita vya Uholanzi, vilivyoanza mwaka 1568 na kuendelea, pamoja na mapumziko, hadi 1648, vilimeza mishahara isiyo na mwisho. Mwaka 1576 askari wake ambao hawakuwa wamelipwa waliupora mji wa Antwerp, ambao ulikuwa miongoni mwa miji tajiri kabisa ya himaya yake mwenyewe. Misafara ya meli ilipotia nanga Sevilla, mawakala wa mabenki ya Genoa walikuwa tayari wanasubiri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hispania ilikuwa na madaftari: tangu mwaka 1503 Sevilla ilikuwa na ofisi maalumu ya biashara ya Amerika, ambayo makarani wake waliorodhesha shehena meli kwa meli. Mali ile ilipotea na habari zake zote zimehifadhiwa.

Fedha iliyobaki kwa raia nayo iliwaponyoka kwa njia nyingine. Katika karne ya 16 bei za vitu Hispania zilipanda karibu mara nne, na kufikia mwaka 1556 Martín de Azpilcueta, mwanazuoni wa Salamanca, alikwisha kueleza kwamba pesa hupungua thamani pale zinapokuwa nyingi. Nguo iliyofumwa nchini ikawa ghali kuliko iliyotoka nje, na hivyo Hispania ikauza sufu ghafi na kununua nguo za wageni kwa fedha ya Potosí. Mwaka 1600 mwanasheria Martín González de Cellorigo aliandika kwamba utajiri wenyewe ndio uliokuwa ukiifukarisha nchi yake, na sioni aliyelijibu swali lenu vizuri kumshinda.

Aliyeitamani fedha hiyo kuliko wote alikuwa Uchina. Watawala wake wa nasaba ya Ming walikuwa wakihamishia kodi zao kwenye fedha, ambayo huko ilikuwa na thamani kubwa kuliko Ulaya ikilinganishwa na dhahabu, kwa hiyo kila njia ya biashara ilielekea mashariki, ama kwa kupitia mikono ya Wareno na baadaye Waholanzi, ama moja kwa moja kutoka Acapulco, bandari ya Meksiko, hadi Manila huko Ufilipino, mji ambao Wahispania waliufanya makao yao mwaka 1571, kisha hariri na vyombo vya kauri vikarudi Meksiko. Hata sisi tumebakiwa na alama yake mdomoni: neno reale tulilipata kwa Waarabu, nao walilitoa katika jina la sarafu ya Hispania, real.

Sasa watu. Francisco de Toledo, aliyeitawala Peru kwa niaba ya mfalme kuanzia mwaka 1569, alichukua mita (si kipimo cha urefu, bali neno la Kikechua lenye maana ya zamu), ambayo Wainka, watawala wa huko kabla ya Wahispania, waliitumia kwa kazi za dola, akaigeuza kuwa shokoa ya migodini. Mikoa 16 ilitakiwa kutoa kila mwaka mtu mmoja kati ya saba wa wanaume wenye nguvu, jumla yao wapatao 13,000. Walikuja kwa miguu pamoja na wake, watoto na wanyama wao wa mizigo, wengine wakiwa njiani kwa wiki nyingi, wakapanda ngazi za shimoni wakiwa na mawe mgongoni, kwa ujira ambao haukutosha chakula. Aliyehama kijiji chake cha asili na kuishi ugenini hakuhesabiwa katika zamu, kwa hiyo watu walihama kwa maelfu, na waliobaki wakalazimika kuijaza hesabu ileile.

Machifu ambao hawakuweza kutimiza idadi walitakiwa kulipa fedha taslimu kwa kila mtu aliyekosekana. Karne ya 17 ilipoendelea, wako wenye migodi iliyokwisha madini ambao waliendelea kudai wafanyakazi wao, wakapokea malipo hayo na kukaa nayo, pasipo kuchimba hata jiwe moja. Wahispania, ambao tangu Columbus waliwaita wenyeji wote Wahindi, waliwapa hao wasiofika jina lao: Wahindi wa mfukoni.