Jibu: Mitego ya Dionaea inayogeuka myeusi

Habari, dada. Umeeleza kwamba mitego ya Dionaea ya binti yako, yaani majani ya mmea huo yanayonasa wadudu na kuwala, inageuka myeusi, nawe unahofu kuwa fidla anayopiga kando yake, akijifunza muziki wa mtunzi Bach, ndiyo inayouumiza mmea. Aendelee kupiga, kwani mtego haufungwi na sauti bali na vinyweleo vyake vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi. Ila asiuchokoze kwa kidole, maana kujifunga bure huuchosha.

Kagua kwanza maji. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, nayo huidhuru mizizi, kwa hiyo mimi hukinga maji ya mvua wakati wa masika na kuyahifadhi. Mbolea na samadi msiweke kabisa. Tena, Dionaea ni ya Carolina, Marekani, na huhitaji msimu wa baridi; kwa joto letu, mtafutie Nepenthes, mmea mwingine ulao wadudu wenye majani kama vikombe, ya aina ya nyanda za chini.