Maswali ya Wasomaji: Tuliyoyaona Makanisani Seoul, Tuwaambie Nini Waumini wa Nairobi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni shemasi katika kanisa moja la hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Hivi karibuni nilikuwa miongoni mwa waumini waliotumwa katika safari ya umisheni nchini Korea Kusini, ambako tulitembelea makanisa ya Seoul, makubwa kwa madogo. Nauli yetu ilichangwa na washirika kwa harambee, na sasa wazee wa kanisa wananitaka nitoe ripoti ibadani. Wenzangu wanataka tupendekeze mambo mawili: ibada ya alfajiri ya kila siku kama tuliyoikuta kule, na ujenzi wa kanisa kubwa zaidi. Mimi naogopa kwamba tutawasimulia watu maajabu wasiyoweza kuyatumia. Je, ni mafunzo gani hasa yanayofaa kuletwa nyumbani kutoka ziara ya namna hii? — Shemasi, Buruburu

JIBU: Ndugu shemasi, hofu yako ina msingi, na ningekushauri uwaeleze wazee kabla hujaandika mstari wa kwanza wa ripoti hiyo. Taarifa nyingi za safari hizi huishia kuwa hesabu ya viti, vipaza sauti na ghorofa, kwa kuwa hayo ndiyo mgeni huonyeshwa kwanza. Washirika waliokuchangia nauli wana haki ya kujibiwa swali jingine: watu wale waliifanyaje kazi ya Mungu wakati walipokuwa hawana kitu, na nani aliigharimia?

Ukianzia hapo, historia ya Korea ina mengi ya kumwambia Mkenya. Wamishonari wa Kimarekani Horace Underwood, Mpresbiteri, na Henry Appenzeller, Mmethodisti, walifika nchini humo siku ya Pasaka mwaka 1885, lakini Injili ilikuwa imekwisha kuwatangulia mikononi mwa Wakorea wenyewe. Seo Sang-ryun, mfanyabiashara aliyekuwa miongoni mwa Wakorea waliomsaidia mmishonari Mskoti John Ross kutafsiri Agano Jipya huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, aliviingiza vitabu hivyo nchini mwake kwa siri, na katika kijiji cha Sorae kukawa na kundi la waumini kabla ya mchungaji yeyote wa kigeni kufika. Mwaka 1890 wamishonari vijana waliokuwa Seoul walimwalika John Nevius, mwenzao aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi nchini China, naye akawashauri kwamba makanisa yajiongoze, yajitegemee kwa fedha na yajieneze yenyewe, na kwamba majengo yawe yale ambayo waumini wanaweza kuyajenga kwa uwezo wao. Ushauri huo ulishikwa kwa bidii. Akina mama walizoea kutenga kiasi kidogo cha mchele kila walipopika, wakauweka kando, kisha wakaupeleka kanisani, na mchele huo ukawasaidia wahudumu na maskini.

Naomba ukae na jambo hilo la mchele, usilipite haraka. Sisi wa Nairobi ni hodari wa harambee: tunamwalika mgeni rasmi, tunatangaza ahadi kwa sauti, kisha tunatawanyika, na mweka hazina hubaki akiwapigia simu walioahidi. Mchele ule haukuwa na mgeni rasmi. Ulikuwa sadaka ndogo, ya kila siku, inayotoka katika nyumba ya kila mshirika, na ndiyo maana hata mjane aliweza kusema kwamba mhudumu huyu ni wake pia. Iwapo ripoti yako itawafanya wazee wajadili namna ya kuihamisha sehemu ya bajeti ya kanisa kutoka katika harambee za mwaka hadi katika sadaka ndogo za kudumu, nauli yenu itakuwa imelipa.

Wala wazo hilo si geni kwetu kiasi cha kuhitaji ndege ya kwenda Asia. Mwaka 1971, Kasisi John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alisimama Milwaukee, Marekani, akapendekeza kwamba wamishonari na fedha kutoka nje visitishwe kwa muda ili makanisa ya kwetu yajifunze kusimama kwa miguu yao. Maneno hayo yaliwaudhi wengi wakati ule. Nadhani yanapaswa kusomwa upya na kila kamati ya misheni inayojiandaa kusafiri, hasa inaposafiri ikiwa na bahasha za kuombea ufadhili.

Jambo jingine ambalo lisikose katika ripoti ni kwamba Wapresbiteri wa Korea walipopata wachungaji wao saba wa kwanza mwaka 1907, hawakuwaweka wote nyumbani kwa kisingizio cha upungufu. Mmoja wao, Yi Gi-pung, alitumwa kuwa mmishonari katika kisiwa cha Jeju. Ulizeni, basi, kanisa lenu limemtuma nani Turkana, Marsabit au Tana River, na kwa muda gani.

Sasa nije kwenye ibada ya alfajiri. Desturi hiyo huhusishwa na Gil Seon-ju, mwingine katika wale saba, pamoja na uamsho wa Pyongyang wa mwaka 1907, na ni kweli kwamba makanisa mengi ya Korea bado hukutana kabla ya jua kuchomoza. Hata hivyo, mshirika wako anayepanda matatu saa kumi na moja alfajiri ili awahi zamu Industrial Area hawezi kuwa kanisani saa hiyo hiyo, na ibada ikianzishwa kwa ratiba hiyo, baada ya miezi michache itabaki kuwa ya wastaafu na ya mchungaji mwenyewe. Cha kuigwa ni watu kukutana kwa maombi katikati ya maisha ya kazi, kila siku, karibu na mahali walipo. Nairobi ina mtindo wake wa jambo hilo tangu zamani: zile ibada za saa ya chakula cha mchana katikati ya jiji, ambako karani, askari wa usiku anayerudi nyumbani na mchuuzi hukaa benchi moja. Mkiongeza nguvu huko, pamoja na kesha mlizonazo, mtakuwa mmejifunza kutoka Korea bila kuvaa nguo isiyowatosha.

Kuhusu jumba kubwa, nitasema kwa ufupi. Kanisa la Yoido Full Gospel, lile kubwa mno la Seoul, ambalo bila shaka lilikuwa katika ziara yenu, lilianza mwaka 1958 kwa watu wachache sana na kukusanyika hemani. Mchungaji wake, Cho Yong-gi, alipozidiwa na kazi na kuugua mwaka 1964, aligawa huduma kwa vikundi vya nyumbani, vingi vikiongozwa na wanawake, jambo ambalo halikuwa rahisi kukubalika katika jamii ile. Ukumbi mkubwa ulikuja baadaye, kwa ajili ya watu waliokwisha kukusanywa na akina mama hao. Ripoti ya kweli itataja pia kwamba mwaka 2014 mahakama ya Seoul ilimpata mchungaji huyo na hatia katika kesi iliyohusu hasara kubwa ya fedha za kanisa. Msilifiche hilo kwa heshima ya wenyeji. Wakorea wenyewe walilijadili waziwazi, nanyi mna hesabu zenu za kukaguliwa, zikiwemo za safari hii.

SWALI: Mhariri, binti yangu alirudi kutoka safari kama hiyo na tangu hapo hana jema la kusema juu ya kanisa letu: eti tunachelewa, tunapiga kelele, hatuna utaratibu. Nimwambieje? — Mama, Kangemi

JIBU: Mama, kuhusu kuchelewa, huenda ana haki, na si vibaya akiambiwa hivyo. Kuhusu kelele, mwulize kama hakuwasikia Wakorea wakiomba wote kwa pamoja kwa sauti ya juu, jambo ambalo ni desturi yao inayojulikana. Mwulize vilevile aliwaona vijana wangapi wa rika lake ibadani, kwa maana makanisa ya kule yana mzigo mzito wa vijana wanaoondoka, na wazee wao wangefurahi kuwa na kwaya yenu ya vijana, hata ikichelewa nusu saa. Kisha mwombe mchungaji ampe binti huyo darasa la Shule ya Jumapili, lianze saa tatu kamili, na yeye ndiye awe na ufunguo.