Maswali na Majibu: Maji ya Kunywa

Maji ya kisima chetu ni meupe, yanang'aa. Kuna haja gani ya kuchemsha? (Mbagala)

Ipo. Swali hili huja kila masika na jibu langu halijabadilika: kimelea cha kipindupindu hakionekani kwa macho. Kabla hujaandika tena, pima hatua toka kisimani hadi chooni kwenu, kisha hadi choo cha jirani. Na jirani huyo akisubiri mvua kubwa ili atapishe choo chake, unajua mwenyewe yanakoishia.

Nichemshe dakika ngapi?

Yakitokota kwelikweli, dakika moja. Walio juu ya mita 2,000 toka usawa wa bahari, dakika tatu. Huna haja ya kumaliza gunia la mkaa.

Meno ya wanangu yana madoa ya kahawia ingawa maji tunachemsha. Tuongeze muda? (Arusha)

Msithubutu. Hiyo ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, na kila glasi inakuwa nayo nyingi zaidi. Klorini haiigusi, na chujio la kawaida la mishumaa halifui dafu. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelifanyia kazi kwa miaka mingi, au maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi. Angalieni pia magadi mnayotia kwenye makande. Mengine yamejaa floraidi.

Madoa yaliyokwisha kujitokeza hayataondoka kwa kubadili maji. Waokoeni wadogo, ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na maabara ya maji hupima. Kwa hiyo siielewi kamati inayochanga mamilioni ya kuchimba kisima, ikaita mgeni rasmi akate utepe, halafu ikakosa pesa ya kipimo.

Fundi alitumbukiza vyuma vya umeme kwenye maji ya bomba, yakawa kahawia. Ya mashine yake ya kusafishia maji yakabaki meupe. Ninunue?

Kahawia uliyoiona ni kutu ya vyuma vyake. Maji yenye madini hupitisha umeme na chuma kinalika. Ya mashine yake yamenyang'anywa madini, umeme haupiti. Mwambie atie chumvi kidogo kwenye hayo meupe, arudie. Atakumbuka ana safari. Na kile kikalamu cha kupimia madini, vijidudu hakivioni kabisa.

Shabu inaua vijidudu?

Haiui, inatuliza tope tu. Mimina maji ya juu kwenye chombo kingine, tia dawa ya klorini, subiri dakika 30. Ukiitia klorini kwenye tope, uchafu unaimaliza kabla haijafika kwa vijidudu.

Maji ya bomba yananuka dawa. Yana madhara?

Harufu hiyo ndiyo mlinzi wako. Mimi naogopa bomba lililokauka siku tatu kisha likarudi ghafla: maji yakikatika, uchafu wa mtaro hupenya kwenye nyufa. Mwaga ya mwanzo. Nanyi mnaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, mnajivutia huo uchafu, na wenzenu mnawaletea.

Tunachemsha kila siku, bado mtoto anaharisha.

Mnachotea nini? Kama ni kikombe kilekile kinachopita mikononi mwa nyumba nzima, mmechemsha bure. Tafuteni ndoo yenye kifuniko na koki, na ndani ya simtanki mkasugue. Lakini akianza kuharisha majimaji kama ya kuoshea mchele, acheni kuniandikia: mpeni maji ya chumvichumvi huku mkimkimbiza kituo cha afya.