Toronto, Vancouver au Montreal: maghorofa ya wapi yanapendeza?

Kaka, umeuliza kati ya miji ya Kanada, Toronto, Vancouver na Montreal, ni wapi maghorofa yanapendeza zaidi. Kwa urefu hakuna ubishi, ni Toronto: mnara wa mawasiliano wa CN Tower una mita 553 tangu 1976, na majengo marefu ya makazi yanachipuka kuuzunguka kila kukicha. Ila mimi naipenda zaidi Vancouver. Kule tangu 1989 jiji linalinda mandhari: ukisimama kwenye bustani ya Queen Elizabeth Park, milima ya kaskazini lazima ionekane, na jengo linalotaka kuiziba linapunguzwa urefu. Ndiyo maana maghorofa mengi ya katikati ya jiji ni membamba, ya vioo, na vichwa vinakaribia kulingana (ingawa karibuni wamelegeza masharti kidogo). Montreal nao wanataka mlima wao wa Mount Royal, mita 233, ibaki juu ya majengo.

Edmonton, mji mwingine wa Kanada, ndiyo imenishangaza. Uwanja wa ndege wa karibu na katikati ya mji ulikuwa unabana urefu. Ulipofungwa 2013 wakainua Stantec Tower, mita 251, ikayapita hata majengo ya Calgary, mji hasimu wao. Watu wa Calgary usiwakumbushe hilo.