Wateja wasitumie waifai ya ofisini

Umeuliza kama kuna ubaya kuwapa wateja nenosiri lile lile la ofisini. Upo, tena mkubwa: simu yoyote yenye virusi inaweza kufikia printa, kamera na kompyuta ya mauzo.

Ingia kwenye ruta, kifaa kinachogawa intaneti (anwani yake huwa imebandikwa chini, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1), ubadilishe kwanza nenosiri la msimamizi. Kisha washa mtandao wa wageni, uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3 (aina za usimbaji wa waifai), na nenosiri la herufi 12 au zaidi. Zima ruhusa ya wageni kufikia mtandao wa ndani, na uwatenganishe wageni wenyewe kwa wenyewe.

Usiamini tu, jaribu. Unganisha simu kwenye mtandao wa wageni, andika anwani ya printa kwenye kivinjari. Ukurasa wake ukifunguka, utengano haufanyi kazi. Kosa la kawaida ni kuongeza kifaa cha kusambaza mawimbi kisichojua VLAN (njia ya kugawa mtandao mmoja katika sehemu zilizotengana), kikawarudisha wageni ndani kimyakimya.

Simu zikikwama kwenye "kupata anwani ya IP" wakati wateja ni wengi, punguza muda wa DHCP (huduma ya ruta inayogawia kila simu anwani kwa muda) kutoka, kwa mfano, saa 24 hadi saa 1. Huenda anwani zimeshikwa na simu zilizoondoka tangu asubuhi.