Wewe ni wa jamii ndogo na chama kidogo Nairobi? Anzia kwenye ploti

Swali ninaloulizwa sana ni hili: mtu wa jamii ndogo, aliye katika chama kidogo, ataombaje kura katika mtaa ambao mgombea huulizwa kwanza jina la babake? Nimeishi Kibra, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, miaka mingi na nimekuwa wakala wa chama kidogo kituoni. Jibu langu halijabadilika: ingia kupitia mambo ya ploti, yaani ua wa vyumba vya kupanga: kodi ya nyumba, maji na ardhi, na uingie mapema, kabla joto la uchaguzi halijapanda.

Fujo zikizuka hapa huitwa za kikabila, na kweli watu hupigwa kwa sababu ya majina yao. Lakini chunguza zilikoanzia. Mwaka 2001 Wanubi na Waluo walipigana hapa, na kiini kilikuwa kodi: wenye nyumba wengi ni Wanubi, wapangaji wengi ni Waluo. Wanubi wenyewe, wazao wa askari wa Sudan waliotumikia King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, walikaa wakidai ardhi hii hadi 2017 walipopewa hati ya ekari 288. Kisha kuna fujo za baada ya uchaguzi, 2008, wakati soko la Toi lilipochomwa na reli kung'olewa. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza fujo hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Majirani walifukuzwa vyumbani mwao na watu wengine wakahamia humo. Uchungu wa vyumba vile bado upo, na mwanasiasa mvivu anajua kuutumia.

Kwa hiyo usiunde kamati ya binamu zako. Chukua mama mboga wa Gatwekera, bodaboda wa Makina, fundi wa Laini Saba, mzee wa Lindi anayeaminika na wapangaji na wenye nyumba pia. Mikutano iwe ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho, hata mkibaki wa lugha moja chumbani. Sheria nayo iko upande huu: Kifungu cha 91 cha Katiba kinakataza chama kuundwa kwa msingi wa kabila, na ili kisajiliwe kikamilifu kinahitaji wanachama wasiopungua 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Chama cha "watu wetu" hakifiki huko.

Halafu watakuja wakubwa wa vyama vikubwa. Watakuomba ujiondoe ili kura zisigawanyike, nao watakuahidi kiti cha uteuzi katika bunge la kaunti. Hapa tulia, kwa sababu wengi huumizwa. Viti vya uteuzi hugawanywa kulingana na idadi ya wadi ambazo chama kimeshinda, na Nairobi ina wadi 85. Chama chako kisiposhinda wadi hata moja, orodha yake ya uteuzi haina thamani. Na ili jina lako liingie kwenye orodha yao, lazima uwe mwanachama wao siku inapowasilishwa kwa tume ya uchaguzi, IEBC, yaani uwe umekihama chama chako. Mimi ningesema kataa. Diwani mmoja mliyemchagua wenyewe anaweza kusimama katika bunge la kaunti aseme habari ya maji ya Silanga bila kumwomba mtu ruhusa.

Angalia pia uanachama wako wa chama kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua, na jambo hilo linaweza kukukwamisha siku ya kuwasilisha karatasi za kugombea.

Kura itapigwa tarehe 10 Agosti 2027. Wiki ile, uvumi ndio unaoua. Keti mapema na mwenye ploti, mlinzi wa geti na vijana wa pande zote, mpeane nambari za simu na mkubaliane nani atampigia nani. Matokeo ya kituo yakibandikwa mlangoni, wakala wako ayapige picha papo hapo na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp la ploti nzima, yakupendeze yasikupendeze, kabla mtu hajaanza kusema kura zimeibwa na kabila fulani.