Usizidishe bei ya peni ya kwanza mara sita (kwa mwenye uzi wa Ozempic)

Mwenye uzi, usilipe. Kama ulikuwa umeshafungua M-Pesa, ifunge kwanza.

Umesema kliniki moja Kilimani imekupa ofa ya Ozempic, ile dawa ya kisukari ambayo watu huichoma kupunguza uzito, peni ya kwanza (ile kalamu yenye sindano za mwezi) shilingi 14,500. Umezidisha mara sita ukapata 87,000, na pesa zako za chama zinatosha. Halafu ukauliza kama Mounjaro, sindano nyingine ya aina hiyo, ni afadhali, madhara yakoje, na kama bima ya kazini italipa. Dada, nilipoiona hiyo 87,000 niliweka kikombe cha chai chini. Ni hesabu niliyopiga mimi mwaka jana, hadi shilingi ya mwisho. Na kazi yangu ni uhasibu. Nalipwa mshahara kukagua risiti za watu wengine, kwa hivyo cheka tu, mume wangu alishamaliza kucheka.

Hiyo 14,500 ni bei ya kuingia mlangoni. Peni ya kwanza ni ya dozi ya miligramu 0.25, sindano moja kwa wiki kwa wiki nne, na kazi yake ni kuzoesha tumbo tu. Baada ya hapo unapanda 0.5, kisha 1, na wengine hufika 2. Wegovy, ambayo ni dawa ileile ya semaglutide kutoka kampuni ileile ya Novo Nordisk ila hiyo ndiyo ya uzito, dozi yake ya kawaida hupanda mpaka 2.4. Yale matokeo mnayosimuliana saluni, ya mtu kupungua karibu asilimia 15 ya uzito wake, yalitoka kwenye utafiti wa watu waliopewa 2.4 kwa wiki 68. Wiki sitini na nane, jamani. Hakuna aliyepungua hivyo kwa peni ya ofa.

Sasa kila ukipanda dozi, bei nayo inapanda. Hili hakuna aliyenitamkia.

Mwezi wa kwanza: 14,500. Mwezi wa pili, peni ya 0.5: 21,000. Nikauliza mbona, nikaambiwa "hiyo ni dozi mpya, mpendwa". Mwezi wa tatu, peni ya 1: 29,000. Juu yake kila mwezi 3,500 ya kumwona daktari, maana bila yeye hupewi peni, na mwanzoni kabisa vipimo vya damu 6,800. Jumlisha mwenyewe: 81,800. Mkoba wangu wa miezi sita uliliwa kwa miezi mitatu, zikabaki 5,200, na nilikuwa nimetoka kilo 96 hadi 90. Yaani nilikataliwa dawa na pesa pale pale ilipoanza kufanya kazi.

Lakini hilo bado si kosa lenyewe. Kosa lenyewe nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Nilijiambia: peni hii ya 1 ina sindano nne, nikichoma kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki, itanifikisha karibu miezi miwili. Nilijiona mjanja wa mjini. Njaa ilianza kurudi kila wiki ile ya katikati, tumbo nalo likawa halijui lishike lipi. Peni ikaisha. Nikakaa wiki tano bila chochote nikingoja pesa, na katikati ya wiki hizo kulikuwa na Krismasi na shemeji zangu wote kutoka Murang'a, kwa hivyo msiniulize kilo zilifanya nini.

Januari nikachukua mkopo wa dharura wa sako, nikanunua peni nyingine ya 1 kwa 29,000, nikajichoma usiku wa Jumapili. Sikuuliza mtu. Si niliishia dozi ya 1? Basi naendelea na 1.

Jumanne asubuhi nilikuwa ndani ya matatu ya Rongai, kiti cha dirishani. Nilitapika kwenye mfuko wa karatasi wa kazini uliokuwa na bahasha za wateja, na makanga, Mungu ambariki, akanipa kitambaa chake cha kufutia kioo na kunishusha Galleria bila kunidai nauli. Sikuacha kutapika hadi Alhamisi. Dripu, dawa ya kichefuchefu na kitanda cha siku moja: 11,400.

Daktari wa hospitali, mama mtu mzima asiye na haraka, akaniuliza lini nilichoma mara ya mwisho kabla ya hiyo. Nikamwambia. Akavua miwani. Akaniambia ukikosa dozi kadhaa mfululizo, mwili unasahau, na ukirudi na dozi kubwa ghafla unaupiga teke la tumbo. Kwa pengo kama langu, alitaka nianze tena chini kabisa: 0.25 wiki nne, 0.5 wiki nne, ndipo 1.

Nikamuuliza kuhusu peni yangu ya 29,000 iliyobaki na sindano tatu. Siwezi kuitumia kwa 0.25? Hapana, peni ile ya 1 inapima 1 tu. Basi niiweke hadi nifike huko? Akasema isome kwenye boksi: ikishafunguliwa inakaa siku 56.

Piga hesabu hiyo. Wiki nne na wiki nne ni wiki nane. Wiki nane ni siku 56. Siku ambayo ningefika tena ngazi ya 1, ndiyo siku ambayo peni yangu ya 1 ingekuwa ya kutupwa. Iko bado kwenye mlango wa friji, kando ya chupa ya tomato, na tarehe niliyoiandikia kwa kalamu ya rangi. Ukiiinua kwenye mwanga unaona kile kioo kidogo na dawa ndani yake, safi kama maji, 21,750 hivi. Mume wangu anataka niitoe. Sitaki.

Sikuanza tena. Sikuwa nazo. Leo nina kilo 94. Jumla niliyotoa ni 122,200 kwa kilo mbili, yaani 61,100 kwa kilo. Mbuzi mzima Kiamaiko hafiki bei hiyo, na mbuzi angalau unakula supu.

Na kurudi kwa kilo si uvivu wangu, kabla hamjaanza. Watu wa utafiti uleule walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza. Dawa hii inafanya kazi ukiwa unaichoma. Kwa hivyo hata ile "miezi sita" yako na yangu, tuliitoa wapi? Mimi niliitoa kwa yule binti wa mapokezi mwenye koti jeupe na beji ya "mshauri wa safari yako", ambaye si daktari wala nesi. Nilimuuliza waziwazi, "Kwa hiyo nizidishe mara sita?" Akatabasamu, akasema, "Wateja wetu wengi hufanya hivyo, mpendwa." Kweli tupu! Hakudanganya hata neno moja. Ndiyo maana naumia zaidi. Yule dada wa video za mtandaoni anayeonyesha suruali yake ya zamani naye nimemwandikia mara mbili nimuulize yeye hulipa ngapi. Kimya. Halipi, dada. Anapewa.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo nililolinunua kwa hiyo laki na ushee. Kabla ya peni ya kwanza, wakuandikie bei ya peni ya dozi ambayo daktari anatarajia ubaki nayo. Uongeze ada ya daktari. Uzidishe mara 12. Kwangu ingekuwa 29,000 na 3,500, jumla 32,500, mara 12 ni 390,000 kwa mwaka. Kama ukiitazama hiyo namba ya mwisho moyo hautikisiki, karibu, anza. Kama unatikisika, hujaanza bado na hujapoteza kitu. Wakikataa kuandika, wakikuambia "tutaona ukifika huko", chukua mkoba wako. Huko ndiko kwenye pesa.

Bima yangu ilikataa, walisema ni mambo ya urembo. Yako piga simu uwaulize, usimuulize mapokezi wa kliniki kuhusu bima yako.

Na kuna mtu hapo juu amekuambia ana jamaa anayeuza nusu bei kwa status ya WhatsApp. Achana naye. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, na kama zimeingia huko kwenye ukaguzi wao, hebu niambie za kwa status. Peni isiyofunguliwa inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Jamaa wa bodaboda anaibeba ndani ya koti. Nunua kwenye duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ukutani, hata kama wanakusumbua kuhusu cheti cha daktari. Hasa kama wanakusumbua.

Kabla mtu hajaniambia Wakenya ndio tunanyonywa: binamu yangu yuko Minneapolis. Wegovy ilipotoka mwaka 2021, bei yake ya orodha huko ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi, na kwa dola ya 129 hiyo ni kama 174,000. Yeye bima ilimlipia. Akabadilisha kazi, bima mpya ikasema hapana, akaachia njiani kama mimi. Tunapigiana simu Jumapili tukilinganisha nguo zilizotubana.

Ya Mounjaro sijaichoma, siwezi kukushauri. Ninachojua nayo ina ngazi, inaanza 2.5 na inaweza kupanda hadi 15, kwa hivyo swali la kuwauliza ni lilelile.

Hao wa kliniki bado wananitumia ujumbe. Wa jana ulisema, "Tumekukosa mpendwa, peni ya kwanza sasa 13,900." Wapigie kesho asubuhi, uulize ya 1 ni ngapi na wakuandikie, halafu rudi hapa utuwekee walichojibu.